Majina Yamebaki, Kazi Imehama: Nyota za Usiku wa Leo



Kila mwaka ikifika jioni ya tarehe 29 Shaabani, sote tunageuka wataalamu wa anga. Jumbe zinazunguka kwenye simu, huyu asema mwezi umeandama, yule asema bado. Ikishatangazwa saumu, macho yanarudi chini kwenye sinia ya futari, na hakuna anayetazama juu tena mpaka tuanze kubishana kuhusu Idi. Siku zote hizo za katikati, anga iko pale pale juu ya misikiti yetu, imejaa majina ambayo mtoto yeyote wa madrasa anaweza kuyasoma. Makala haya yanakuomba utoke nje usiku wa leo uyasome, halafu tuulizane swali moja zito.

Baada ya tarawehe

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kwetu Kenya hiyo ni bahati, kwa sababu miezi hiyo, mnamo saa tatu usiku, nyota kali kabisa huwa ziko juu. Tafuta mahali ambapo taa za stima hazikupigi machoni: uwanjani, ufuoni au juu ya nyumba. Simama ukielekea kibla. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Mombasa, kwa hivyo mbele yako ni kaskazini na kushoto kwako ni magharibi.

Sasa inua kichwa. Utaona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, zimepita utosi kidogo kuelekea magharibi. Kundi hili Waarabu wa kale waliliita al-Jawza, na Wazungu huliita Orion. Majina ya nyota hizo tatu ni Mintaka, Alnilam na Alnitak. Mwanafunzi wa Kiarabu hahitaji kamusi hapo: mintaqa na nitaq yote ni mshipi, na nidham ni lulu zilizotungwa kwenye uzi. Upande wa kusini wa mshipi kuna nyota nyeupe, Rigel, yaani rijl, mguu. Upande wa kaskazini iko yenye wekundu, Betelgeuse. Hiyo tutairudia.

Fuata mstari wa mshipi kuelekea magharibi, utakutana na Aldebaran, ad-Dabaran, maana yake mfuasi. Inamfuata nani? Inaifuata Thuraya, kile kijishada cha nyota ambacho wakulima wetu wanakiita Kilimia na kukitumia kujua majira ya kulima. Fuata mstari huo huo kuelekea mashariki, utafika kwenye Shi'ra, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, iliyotajwa kwa jina katika Suratun Najm, aya ya 49. (Ukiona kitu kinachoishinda Shi'ra na hakimetimeti, hiyo ni sayari, kama Zuhura au Mushtari.) Mwisho geuka, kibla kiwe mgongoni. Kusini utaiona nyota ya pili kwa mwangaza, Suhail, ambayo watu wengi wa Ulaya hawaioni kabisa kwao.

Nukta moja

Betelgeuse ilikuwa Yad al-Jawza, mkono wa Jawza. Wewe uliyesomeshwa alifu na bee unajua kwamba yaa mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, na baa ina moja. Katika kutafsiri kwa Kilatini, yaa ile ilisomwa baa. Nukta moja ikapotea, na mpaka leo dunia nzima inaita nyota hiyo kwa kosa la kusoma.

Kwa nini Wazungu walikuwa wakisoma Kiarabu? Kwa sababu elimu ya nyota ilikuwa huko. Mwaka 1175, mjini Toledo, Gerard wa Cremona alikamilisha kutafsiri kutoka Kiarabu kile kitabu kikubwa cha Ptolemy, ambacho chenyewe kilikuwa kimetoka Kigiriki.

Lakini wanachuoni wetu hawakuwa matarishi tu wa kupokea na kupeleka. Al-Battani alikaa Raqqa, kando ya mto Furati, akitazama anga kwa takriban miaka 40. Akapata urefu wa mwaka wa jua kuwa siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Amekosea kwa dakika mbili na ushei tu, bila darubini! Copernicus alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1543. Abdul Rahman as-Sufi, mzaliwa wa Rayy huko Uajemi, aliandika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Alichukua orodha ya Ptolemy akaipitia kwa macho yake mwenyewe, akisahihisha mwangaza wa nyota. Humo alitaja kiwingu kidogo, ambacho leo tunajua ni Andromeda, galaksi nyingine kabisa. Usikitafute usiku wa leo, mnamo Novemba ndio wakati wake.

Tuliacha wapi?

Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, alijenga kituo kikubwa cha kutazamia nyota, na mwaka 1437 ikatoka orodha ya nyota zaidi ya 1,000. Mwaka 1449 aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Kituo kikawa magofu, na mabaki yake yakaja kufukuliwa mwaka 1908. Orodha yake ilichapishwa Oxford mwaka 1665. Istanbul nako, kituo cha Taqi al-Din kilikamilika 1577, na 1580 kikabomolewa kwa amri ya Sultani yule yule aliyekigharamia. Hapo hatuwezi kumlaumu mkoloni, tulibomoa wenyewe.

Tuje nyumbani. Wengi wetu tumesikia kwamba Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa Julfar, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wengi leo hawalikubali jambo hilo, na Wareno wenyewe walimtaja rubani Mgujarati. Lakini Ibn Majid hahitaji sifa hiyo. Kitabu chake cha Fawaid, cha mnamo 1490, kinaeleza jinsi nahodha anavyopima kimo cha nyota kwa vidole ili ajue amefika wapi baharini.

Na Malindi hiyo hiyo, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wetu, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililoko baharini. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ilipata vyanzo 339. Waliipa jina Uhuru. Jina letu, kazi yao.

Basi swali ndilo hili: jina lina faida gani kama kazi imehama? Kujigamba kwamba nyota zina majina ya Kiarabu hakutufanyi warithi wa as-Sufi. Yeye alitoka nje akatazama.

Hebu tuanze na dogo. Usiku wa leo chagua nyota moja upande wa magharibi, iwe juu ya mnara au mnazi. Simama pale pale kila usiku, andika saa inapofika hapo. Utakuta inawahi kwa dakika kama nne kila siku, na Ramadhani ikiisha itakuwa imewahi kwa karibu saa mbili. Umepima mwendo wa dunia kulizunguka jua, kwa daftari na kalamu tu. Waite wadogo zako mpime pamoja. Na jioni ya tarehe 29, tukitoka kuutafuta mwezi, angalau tuwe na macho yaliyozoea kutazama magharibi.

Ramadhan Kareem.