Kocha na Lawama Zetu

Kilelengwani kuna wazee ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi, lakini watakutajia Reinhard Fabisch kama mtu aliyewahi kunywa chai barazani kwao. Walimjua kwa redio. Agosti 1987 Kenya iliandaa Michezo ya Afrika, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya kabisa, na Mjerumani huyo akaifikisha Harambee Stars fainali. Misri wakashinda 1-0. Ungedhani kocha aliyepoteza fainali nyumbani angetukanwa mpaka apande ndege. Wapi! Fabisch alirudi kuinoa timu ile ile miaka ya 1990, akarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na alipofariki Julai 2008 watu bado walimtaja kwa ile ya 87.

Kwa nini alisamehewa? Timu ilicheza vizuri, hilo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine. Wakati ule sauti ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, mali ya serikali, na ilikuwa inasema, wewe unasikiliza. Magazeti yalifika Garsen yakiwa yamechoka, na huku kwetu ndani yalifika yakiwa yamefunga sukari. Shabiki akikasirika, hasira yake iliishia chini ya mwembe.

Mtu aliyeishi pande zote mbili za ukuta huo ni Jacob Mulee, Ghost. Ndiye aliyeipeleka Kenya Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia. Tulipigwa 3-1 na Mali, tukapigwa 3-0 na Senegal, kisha tukawafunga Burkina Faso 3-0. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, na ulikuja tukiwa tayari tunarudi nyumbani. Baadaye Mulee aliketi nyuma ya maikrofoni ya Radio Jambo, akitangaza kipindi cha asubuhi pamoja na Gidi. Yaani kocha akawa mwanahabari. Bodaboda anayesubiri abiria Garsen akawa anamsikia kila siku akicheka, na mtu unayemsikia akicheka kila siku si rahisi kumchukia.

Hata hivyo hilo halikumkinga. Oktoba 2020 alipewa tena timu ya taifa. Septemba 2021, baada ya sare mbili katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, 0-0 na Uganda na 1-1 na Rwanda, aliondoka, na Mturuki Engin Firat akashika nafasi. Miezi miwili baadaye serikali ikaivunja ofisi ya FKF, na Februari 2022 FIFA ikatufungia. Firat akabaki kocha wa timu isiyo na mechi. Sasa niambie, hapo kosa la kocha liko wapi?

Kisa cha Adel Amrouche ndicho kinachoniuma zaidi. Tarehe 12 Desemba 2013, Kenya ikitimiza miaka 50 ya uhuru, aliipa Kombe la CECAFA kwa kuifunga Sudan 2-0. Agosti 2014, baada ya kutolewa na Lesotho, akatimuliwa. Mashabiki tulishangilia, kichwa kimekatwa, mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Amrouche alishtaki kwa kuvunjiwa mkataba, akashinda, na deni likawa zaidi ya shilingi milioni 100. Kelele zetu zilimtoa mtu mmoja, na bili ikaletwa kwetu sote.

Miaka kumi baadaye alikuwa na Taifa Stars ya Tanzania. Januari 2024, huko Ivory Coast, maneno aliyoyasema kwa wanahabari kuhusu nguvu ya Morocco katika soka ya Afrika yalimponza. CAF ikamfungia mechi nane na TFF ikamsimamisha. Aliyeshika benchi baada yake ni Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni, subiri kidogo, Morocco. Watanzania walicheka, na mimi nilicheka. Lakini angalia kilichotokea: kocha husemwa kila siku na kila mtu, ila yeye akisema siku moja tu, kazi imekwisha.

Sitaki kuwatupia wanahabari lawama zote. Wao hutafuta uso wa kuweka kwenye picha, na kocha ana uso. Ofisi haina uso. Nauli ya wachezaji iliyochelewa haina uso. Ndiyo maana mwaka 2012 peke yake benchi la Kenya lilikaliwa na Francis Kimanzi, James Nandwa na Mfaransa Henri Michel, na bado tuliendelea kuuliza nani anafuata.

Mwaka huo huo ndio jina la Kilelengwani lilipojaa magazetini. Tarehe 10 Septemba kijiji kilishambuliwa, watu 38 wakauawa, polisi tisa miongoni mwao. Kamera zilikuja. Hadithi ikaandikwa kwa mistari miwili: Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji. Malisho, mto, hati za ardhi, siasa za uchaguzi uliokuwa unakuja, yote hayo yalibanwa kwenye kona. Kila upande ukapewa mtu wa kulaumu, kisha magari yakageuza. Nilikuwa mtoto, lakini tangu hapo nikisoma kwamba tatizo ni mtu mmoja, huwa natafuta kilichoachwa nje.

Kocha niliyemjua mwenyewe alikuwa wa timu ya vijana huku kwetu. Hakuwa na filimbi. Alipiga mluzi kwa vidole. Alichagua wachezaji kutoka pande zote mbili, na kila akimweka mtoto wa huyu benchi, baba wa yule alikuwa na la kusema. Hakuna gazeti lililomwandika. Alipofungwa hakuwa na mahali pa kukimbilia, maana mashabiki wake ndio majirani zake, na asubuhi walikutana kisimani. Ilibidi wamweleze usoni wanachotaka, naye awaeleze kwa nini hakiwezekani.

Fabisch, Mulee na Amrouche hawakupata nafasi hiyo. Mimi na wewe tulikuwa mbali, redio mkononi, tukingoja jina linalofuata.