Mama Aliyesafiri Bila Hekalu

Desemba 2023 kamati ya UNESCO iliketi Kasane, mji mdogo wa Botswana kando ya mto Chobe, ikaiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Garba ni ngoma ya kuzunguka taa ya mungu wa kike, na kiini chake tangu zamani ni wanawake wa magharibi mwa India. Heshima hiyo ilitangazwa katika ardhi ya Afrika, tena kwenye njia ambayo madereva wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wanaijua vizuri. Lori likivuka kuingia Nakonde, likapita Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka na Livingstone, likifika daraja la Kazungula huwa limebakiza mwendo mfupi tu kuingia Kasane.

Naanzia hapo kwa sababu ibada hii ilikwishapita pande zetu miaka mingi kabla ya kamati yoyote kuitambua. Ilifika na wenye maduka, ikafuata dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ikakaa kwenye rafu za nyumba za Kihindi katika miji ya kusini magharibi. Historia haikuiona kwa kuwa imezoea kutafuta hekalu, kuhani na jiwe la msingi. Mungu huyu wa kike alisafiri bila hivyo vyote. Aliyembeba alikuwa mwanamke wa nyumbani, na chombo chake kilikuwa chungu.

Ibada yenyewe ina mizizi mirefu. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale kuliko yote wa tenzi za Kihindu, kuna utenzi ambamo mungu wa kike anajisemea mwenyewe, akijitaja kuwa ndiye nguvu inayowabeba miungu wengine. Ilipofika karne ya 6 hivi, wazo hilo lilikuwa limepata kitabu chake: Devi Mahatmya, chenye sura 13 na kinachohesabiwa kuwa na aya 700. Kisa chake kikuu kinamhusu Mahisha, jini mwenye umbo la nyati, aliyewashinda miungu na kuwafukuza kwao. Miungu wakakasirika, na mwanga wa hasira zao ukaungana kuwa mwanamke mmoja, Durga. Kila mmoja akampa silaha yake: huyu mkuki wa ncha tatu, yule kisahani cha makali, mwingine upinde. Mlima ukampa simba wa kupanda. Akaenda vitani, akamuua nyati.

Tazama mpangilio wa kisa hicho. Miungu wa kiume hawakumtuma mwanamke awasaidie. Walimrudishia nguvu zao, na hapo ndipo nguvu hizo zikafanya kazi. Wanafikra wa Kihindu huiita nguvu hiyo shakti, na wafuasi wa mkondo huu hushikilia kwamba mungu asiye na shakti hawezi hata kunyanyua kidole. Ndiyo maana Kali, umbo lake la kutisha, huchorwa akiwa amesimama juu ya kifua cha mungu Shiva aliyelala kama maiti. Wageni wengi wameishia kuogopa ulimi wake uliotoka nje na shada la vichwa shingoni. Wanaomwabudu hufasiri vichwa hivyo 50 kuwa herufi za Kisanskriti, yaani sauti ambazo ulimwengu ulisemwa kwazo, na upanga wake kuwa wa kukata majivuno. Pembeni yake wapo Lakshmi wa neema, aliyekaa juu ya yungiyungi, na Saraswati wa elimu, mwenye kinanda cha nyuzi. Wafuasi wengi husema hao wote ni mama mmoja.

Gujarat na Kutch, ilikotoka sehemu kubwa ya Wahindu wa Afrika Mashariki, zina mama zao wa mahali. Ukoo uliotawala Kutch ulimtegemea Ashapura, mtimiza matumaini. Khodiyar hupanda mamba. Sikotar ni mlinzi wa mabaharia, na jina lake huhusishwa na kisiwa cha Sokotra, kilichokuwa njiani kwa majahazi yaliyotoka Mandvi kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Hinglaj, aliye pangoni katika jangwa la Balochistan, hutembelewa na Wahindu, na Waislamu wa huko humheshimu kwa jina la Bibi Nani. Nchi hiyo ya Wabulushi haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Wajukuu wa Wabulushi walioingia bara enzi za masultani wa Zanzibar wapo mpaka leo Rujewa, katika bonde la Usangu, si mbali na mkoa wetu wa Songwe.

Mara nyingi mama hawa hawana sanamu. Kule Ambaji, kaskazini mwa Gujarat, kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu uliofichwa nyuma ya mapambo. Kule Kamakhya, katika jimbo la Assam, ni ufa katika mwamba unaolowanishwa na chemchemi. Kila mwaka mwezi wa Juni hekalu hilo hufungwa siku tatu kwa imani kwamba mama yumo katika hedhi, kisha hufunguliwa kwa sherehe kubwa. Jambo ambalo dini nyingi zimelifanya sababu ya kumweka mwanamke mbali na madhabahu, huko limekuwa sikukuu. Anayeishi Mbozi hatashangaa kuwa mwamba unaweza kubeba heshima kubwa kuliko kinyago. Kimondo cha huko Ndolezi, chuma kizito kutoka angani, kilijulikana na wenyeji kabla ya wageni kukiandika mwaka 1930.

Katika ibada zote hizo, ninayoiona kuwa na uzito kuliko nyingine ni ile ya watu waliokatazwa kuingia hekaluni. Wavaghari wa Gujarat, waliodharauliwa na matabaka ya juu, walijitengenezea hekalu la kitambaa. Huitwa mata ni pachedi, shuka ya mama. Katikati huchorwa mungu wa kike juu ya mnyama wake, pembeni wafuasi na wanyama, kwa rangi nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe. Ukiitundika, mahali hapo pamekuwa patakatifu. Ukiikunja, hekalu limeingia mkobani. Rangi hizo tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, ndizo za vitambaa vya waganga na vya mizimu katika sehemu nyingi za Tanzania, na kaniki na nguo nyingine kutoka India zilikuwa bidhaa kubwa katika maduka ya bara. Sidai kwamba ibada moja ilizaa nyingine. Nadai tu kwamba mwanamke wa Kinyiha au wa Kinyamwanga aliyenunua kaniki kwa ajili ya tambiko, na mke wa mwenye duka aliyeweka kitambaa chekundu mbele ya picha ya Durga, walikuwa na mengi ya kuelezana.

Huko pwani, wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch walikuwa wakubwa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miongo mingi, na Ladha Damji, aliyeisimamia, alikopesha fedha misafara iliyoingia bara. Lakini Wabhatia hao walikuja bila wake zao, kwa kuwa mila ya tabaka lao haikumruhusu mwanamke kuvuka bahari. Walimwabudu zaidi mungu Krishna. Waswahili waliwaita Wabaniani, na methali waliyowatungia, Baniani mbaya kiatu chake dawa, inawatazama kupitia mkopo na bidhaa. Kuhusu ibada yao haisemi kitu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwahimiza walete familia, na katika miaka ya 1880 wanawake wa Kihindu wakaanza kushuka Unguja. Naihesabu hatua hiyo kuwa mwanzo halisi wa historia ya mama huyu katika Afrika Mashariki, kwa sababu chungu cha Navaratri, sikukuu ya siku tisa za mama, kilihitaji mikono ya kukizunguka. Leo hekalu la Shiv Shakti pale Hurumzi, Mji Mkongwe, lina neno shakti ndani ya jina lake.

Kutoka pwani walisogea bara, nyuma ya utawala wa Wajerumani kisha wa Waingereza. Mwaka 1922 dhahabu ikagunduliwa Lupa, na katika miaka ya 1930 nchi ya Chunya ikajaa wachimbaji. Sehemu ya uwanda huo, pamoja na Saza na Mkwajuni, leo ni wilaya ya Songwe, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2016. Mbeya yenyewe ilianzishwa mwaka 1927 kwa mahitaji ya kukimbilia dhahabu. Palipo na mchimbaji pana duka, na mwenye duka mara nyingi alikuwa Mgujarati, Mwislamu au Mhindu. Aliuza unga, chumvi, mafuta ya taa, sururu na nguo.

Katika duka la Mhindu, Lakshmi alikaa juu ya meza ya hesabu. Siku mbili kabla ya Diwali, sikukuu ya taa, siku iitwayo Dhanteras, ni desturi kununua dhahabu, hata chembe. Usiku wa Diwali hufanyika chopda pujan, ibada ya daftari. Daftari jipya lenye jalada jekundu hufunguliwa, ukurasa wa kwanza huandikwa maneno ya heri na faida, hupakwa unga mwekundu wa kumkum, huwekewa maua, jani la tambuu na sarafu. Lakshmi, Saraswati na mungu Ganesh huombwa pamoja, maana mali bila akili hupotea. Siku inayofuata ndiyo mwaka mpya wa Kigujarati, na deni la mteja huanza ukurasa mpya.

Kwa hiyo nafikiri wanahistoria wameisoma nusu tu migomo ya mwaka 1923. Mwaka huo wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga sheria za kodi, na mojawapo ya yaliyowauma ni sharti kwamba vitabu vya hesabu visiandikwe kwa Kigujarati. Tumeeleza kodi na siasa, na ni sawa. Ila kwa Mhindu daftari hilo lilikuwa limepakwa kumkum na kuombewa. Serikali iliyolishika ilikuwa inashika kitu cha madhabahuni.

Kabla ya Diwali, kati ya Septemba na Oktoba, huja siku tisa za Navaratri. Chungu cha udongo hutobolewa matundu, taa ya samli huwashwa ndani, nacho huitwa garbo, tumbo la uzazi. Taa ndiyo uhai ndani ya mwili. Wanawake hukizunguka wakipiga makofi, mduara ndani ya mduara, kwa nyimbo ambazo mama huziimba na binti akajifunza kwa kuitikia. Kila usiku una umbo lake la mungu wa kike, kuanzia Shailaputri, binti wa mlima, hadi Siddhidatri, mtoa uwezo. Wengine hufunga, wakaacha nafaka. Wengine huhesabu jina lake kwa tasbihi ya shanga 108. Nazi huvunjwa, na wengi huieleza kuwa imechukua nafasi ya kichwa cha mnyama. Mwisho wasichana wadogo huoshwa miguu na kulishwa, kwa imani kwamba mama yumo ndani yao.

Hakuna hata jambo moja katika hayo linalolazimu kuwapo kuhani. Familia tatu katika mji wa machimbo zingeweza kuyatimiza yote uani. Arya Samaj, harakati ya mageuzi iliyoingia Nairobi mwaka 1903, ilikataa sanamu na kutaka dini irudi kwenye Veda. Ilifanya mema makubwa, hasa shule za wasichana. Lakini nyimbo za uani haikuweza kuzizima, na nashukuru.

Njia hii ya bahari haikuwa ya upande mmoja. Waafrika waliopelekwa India kama watumwa, askari na mabaharia waliacha kizazi kinachoitwa Wasidi. Wasidi wa Gujarat, ambao ni Waislamu, huzuru kaburi la Bava Gor, mtakatifu kutoka Afrika, kule Ratanpur karibu na Bharuch. Masimulizi yao yanasema alitumwa kupambana na jini wa kike aitwaye Makhan Devi, akashindwa kummaliza kwa sababu alikuwa mwanamke. Akaja dada yake, Mai Misra, ndiye aliyemdidimiza ardhini. Leo wanawake wasiopata mtoto humwendea Mai Misra, wawe Wahindu au Waislamu, na ngoma inayopigwa hapo bado huitwa goma. Mgujarati alileta mama yake Afrika, na Mwafrika alipeleka dada yake Gujarat. Kila mmoja alipokewa.

Huku kwetu bara, Tunduma ilikaa mahali ambapo njia mbili za Wagujarati zilikaribiana. Wa Tanganyika walitoka Unguja na Dar es Salaam, wengi wakiwa watu wa Kutch na Saurashtra. Wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wengi waliingia kwa njia ya Beira na Nyasaland, Malawi ya leo. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ziliunganisha pande hizo wakati ambapo wenye maduka wenyewe walikuwa wanaondoka. Azimio la Arusha la 1967, kisha sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo, viliwagusa Waasia zaidi ya wengine. Kutaifishwa kulikuwa na sababu zake katika nchi iliyorithi ukosefu mkubwa wa usawa. Hata hivyo nyumba ikichukuliwa, rafu ya ibada nayo hushushwa. Wengine walihamia Dar es Salaam, kwenye mahekalu ya mtaa wa Kisutu. Wengine walivuka hadi Leicester na Wembley, walikokutana na waliofukuzwa Uganda mwaka 1972.

Huko Uingereza walianza upya kama walivyoanza Unguja na Chunya, katika sebule na kumbi za kukodi, kwa chungu na taa. Kigujarati chao kilikuwa na maneno ya Kiswahili: kisu, sufuria na fagio. Na wanaofunga siku tisa za mama, wasiokula nafaka, walikuwa tayari wamepata Afrika chakula kinachofaa mfungo. Hukiita mogo. Ni muhogo wetu, uliochemshwa, ukakaangwa kwa bizari nyembamba na pilipili mbichi, ukaingizwa katika vyakula vinavyoruhusiwa mbele ya Durga. Hakuna kuhani aliyeketi kuutolea hukumu. Walioamua ni wanawake jikoni, na uamuzi wao unafuatwa mpaka leo.