Kigango Hakina Namba

Kitu cha kale kikisuguliwa na kupakwa upya, thamani yake inapanda ama inashuka? Waulize wanaokusanya bunduki za zamani za Kiingereza, zile za mitutu miwili, watakujibu bila kufikiri: usiguse. Fundi akipiga msasa mtutu ili ung'ae, anakula chuma, na maandishi ya mtengenezaji yanafifia. Mwindaji naye ana lake. Anataka bunduki isiyoshika kutu na kitako kisichopasuka, basi. Mmoja ananunua umri, mwingine ananunua kazi.

Huku kwetu Kilifi, kuanzia Kaloleni hadi Magarini, swali hilo lipo, ila halihusu bunduki. Linahusu vigango.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye uwezo na heshima miongoni mwa Wagiriama. Kina kichwa, na chini yake kiwiliwili kirefu, bapa, kilichonakshiwa pembetatu ndogo ndogo. Vingine vinamzidi mtu kimo. Na hakichongwi siku ya mazishi. Mara nyingi marehemu huja ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa, ama balaa linaingia mudzini, watoto wanaugua, na mganga anaeleza kinachotakiwa. Kikishasimikwa, hufungwa vitambaa na kumwagiwa mnazi. Halafu kinaachwa hapo, na jua, na mvua, na mchwa. Hakuna anayekipaka vanishi. Hata watu wa mudzi wakihama, chenyewe hakihami.

Ajabu ni kwamba huko kuchakaa ndiko kulikowavutia wakusanyaji. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vigango vilianza kuonekana kwenye maduka ya sanaa na majumba ya makumbusho ya Marekani. Mbao iliyopauka, nyufa, nakshi zilizolainishwa na mvua: kwa mnunuzi hiyo ndiyo hati ya ukweli. Mtu yeyote aliyekaa karibu na vibanda vya vinyago Malindi anajua biashara hii inavyofikiri. Nimeona kinyago cha wiki iliyopita kikipakwa rangi ya viatu na kufutwa kwa kitambaa mpaka kikafanana na kitu cha babu. Umri unauzwa, na usipokuwepo unatengenezwa.

Sasa kuna hoja nimeisikia mara nyingi, na si ya kipuuzi. Ati vigango vilikuwa vimeachwa kwenye miji mitupu, vinaliwa na mchwa, kwa hivyo aliyevichukua aliviokoa. Huko ng'ambo vimewekwa ndani, pakavu, havioozi. Lakini anayesema hivyo anadhani kazi ya kigango ni kudumu. Kazi yake ni kukaa na mtu wake pale alipowekwa, hata kama ni kuoza naye. Kigango kilicholiwa na mchwa mahali pake hakijaharibika. Kilichong'olewa kikiwa kizima ndicho kimeharibika.

Na tusijidanganye, mikono iliyong'oa mara nyingi ilikuwa ya vijana wa huku huku, wasio na kazi, waliopewa vijisenti na wafanyabiashara. Mimi mwenyewe niliacha chuo kwa kukosa karo, najua hela ndogo inavyoweza kuonekana kubwa siku ambayo huna kitu. Hilo halifuti wizi, ila linaonyesha faida ilibaki wapi.

Nirudi kwenye bunduki kidogo. Bunduki ya Purdey ama Holland & Holland ina namba, na kampuni ina daftari. Hata ukiisugua ikawa kama kijiko, mtu anaweza kufuata namba akajua ilitengenezwa lini, kwa nani. Kigango hakina namba. Hakina hata jina lililoandikwa. Daftari lake ni mahali kiliposimama na watu waliopajua. Ukiking'oa umefuta daftari lote, hata kama hujakwaruza nakshi moja.

Ushahidi upo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja Mgiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika picha za mkusanyo wa Illinois State Museum zilizoonyeshwa na msomi mwenzake, Linda Giles. Cha pili kilipatikana Hampton University, Virginia. Kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi Kenya. Kilichovirudisha nyumbani ni picha moja, kwa sababu ilishika mtu na mahali kwa pamoja. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Katika utafiti waliouchapisha 2003 pamoja na John Mitsanze, wasomi hao walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Vingi havikuwa na picha ya aina ile. Makumbusho ya Denver yalivikabidhi rasmi vigango 30 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, vikafika Nairobi 2019. Ni jambo la heri. Lakini Nairobi si mudzi, na kigango kisichojulikana ni cha nani hakiwezi kupelekwa kwa mtu.

Sheria ya urithi tunayo tangu 2006, na kaya zetu ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Kazi iliyobaki haihitaji digrii. Wazee wanaojua kigango fulani ni cha nani bado wapo, ila hawatakuwepo milele. Simu ina kamera. Nenda kwa ruhusa yao, uliza jina, andika, na nakala iachie familia. Usiiweke mtandaoni, manake mwizi naye anasoma.