Mahabusu na Mahakama katika Uganda, tangu 1966



Wakubwa wa jumuiya yetu wameniamuru niandike machache katika kijitabu hiki juu ya jambo linalosemwa sana barazani, nalo husemwa zaidi kwa hasira kuliko kwa ujuzi: yaani nguvu za Serikali za kumkamata mtu na kumweka ndani kwa ajili ya usalama wa nchi, na mpaka wa nguvu hizo. Wako wasemao kwamba mambo haya yalianza siku sheria ya ugaidi ilipotungwa, na kwamba yaliletwa kwa ajili yetu sisi Waislamu peke yetu. Wako na wengine wasemao kwamba mtu akiisha kutuhumiwa ugaidi hana tena haki ya kusikilizwa. Semi zote mbili hazisimami mbele ya tarikhi.

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Waingereza waliondoka na bendera yao, lakini sheria zao za kuhamisha watu na za hali ya hatari waliziacha kabatini. Haikupita miaka minne zikatolewa. Tarehe 23 Mei 1966 hali ya hatari ilitangazwa katika Buganda, na kesho yake jeshi la Milton Obote likalishambulia jumba la Kabaka pale Mengo, Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Katika siku hizo alikamatwa Michael Matovu, mmoja wa wakuu wa saza wa Buganda. Mwezi wa Julai akafunguliwa, na hapo hapo akakamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari. Wakili wake akaenda mahakamani kuomba ile amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus, maana yake mwenye kumshika mtu amlete mbele ya jaji na aeleze kwa sheria gani amemshika.

Yafaa tuitazame kesi hii kwa utulivu, maana hata leo husomwa na wanafunzi wa sheria mbali na Uganda. Majaji watatu walioisikiliza, wakiongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma, mtu wa Nigeria, waliona kwamba maombi yaliandikwa vibaya, hata jina la mshitakiwa halikuwamo. Lakini kwa kuwa lililo mezani ni uhuru wa mwanadamu, waliyasamehe makosa ya karatasi wakasikiliza. Huo ulikuwa uungwana. Kisha, katika mwaka wa 1967, wakahukumu kwamba Katiba ya Obote ya 1966 ni halali kwa kuwa mapinduzi yamekwisha faulu, wakiifuata fikra ya mwanachuoni Hans Kelsen. Na ombi la Matovu likakataliwa. Mlango ulifunguliwa kwa heshima, na aliyebisha hodi akarudishwa alikotoka.

Mwenzetu Abu Mayanja aliyapata makubwa zaidi. Huyu alikuwa Mwislamu, katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress katika 1952, naye alikwenda kusoma Cambridge. Katika 1968 aliandika katika jarida la Transition la Kampala, akilaumu Katiba mpya ya 1967 na akiuliza kwa nini majaji wa Kiafrika hawateuliwi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alikamatwa pamoja na mhariri wa jarida, Rajat Neogy, wakashitakiwa kwa uchochezi. Mwaka wa 1969 hakimu aliwaona hawana hatia. Je, walikwenda nyumbani? La. Walishikwa tena kwa kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji shahidi wala hukumu, na Mayanja hakufunguliwa hata 1970. Hapo hapakuwa na bomu wala bunduki. Palikuwa na barua iliyochapwa. Miaka mingi baadaye, chini ya Serikali ya Museveni, mtu huyu huyu akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Dunia ina mizunguko yake.

Zamani za Idi Amin sitazirefusha, maana wengi wanazo nyumbani mwao. Nitamtaja mtu mmoja tu. Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa amefungwa na Obote katika 1969. Amin alimtoa, na 1971 akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikwa na askari bila ya mamlaka ya sheria afunguliwe. Tarehe 21 ya mwezi ule watu wenye silaha wakaingia Mahakama Kuu, wakamtoa, na hakuonekana tena. Amri ambayo Matovu aliinyimwa ilipotolewa, aliyeitoa aliilipia kwa roho yake.

Kwa sababu ya mambo hayo watungaji wa Katiba ya 1995 waliandika kwa tahadhari. Mtu akikamatwa apelekwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Na katika kifungu cha 44 wakaweka mambo manne yasiyoweza kuondolewa kwa udhuru wowote: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asikilizwe kwa haki, wala asinyimwe ile amri ya kuletwa mbele ya jaji. Kifungu hiki ni kifupi, na kila mzee wa mtaa angefaa akihifadhi.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba hatari haikuwako. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF, ambao baadhi yao walijinasibisha na dini yetu, walishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi wapatao 80. Mabomu yakafuata Kampala. Bunge likatunga sheria ya ugaidi katika 2002, na katika orodha ya makundi yaliyokatazwa hamkuwamo ADF na al-Qaeda peke yao, bali pia Lord's Resistance Army la Joseph Kony, ambalo halina uhusiano wowote na msikiti. Kisha usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kabalagala na katika uwanja wa ragbi wa Kyadondo, wakafa watu 76. Al-Shabaab wa Somalia walijitangaza kuwa wao ndio waliofanya.

Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafuta wauaji, na asiyekubali hili hana hoja. Lakini njia iliyofuatwa ilileta kesi juu ya kesi. Watu walichukuliwa Kenya wakavushwa mpaka bila ya kupelekwa kwanza kwa hakimu. Septemba 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema jambo hilo halikuwa halali. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za watu kutoka Kenya, alikuja Kampala kufuatilia kesi zao, naye akashikwa, akakaa gerezani mwaka mzima, kisha mashitaka yakaondolewa. Kesi yenyewe ilisimama muda mrefu kwa ajili ya mabishano ya Katiba, na waliofiwa wakangoja karibu miaka sita. Ndiyo maana sikubaliani na wasemao kwamba kufuata sheria kunachelewesha haki: hapa kuiruka sheria ndiko kulikochelewesha.

Wanavyuoni wetu hulijua suala hili tangu zamani za Khawarij. Sayyidna Ali, walipompinga hadharani wakamkufurisha, hakuwazuilia msikiti wala fungu lao katika mali, na hakuwaanza kwa vita mpaka walipomwaga damu. Aliwapiga kwa tendo, hakuwapiga kwa maneno yao.

Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo alitoa hukumu juu ya washitakiwa 13. Watano walifungwa maisha, wawili miaka 50, mmoja akapewa kazi za jamii. Watano aliwaachilia, ushahidi haukuwafikia. Hao watano walikamatwa tena kwa mashitaka mapya, kama alivyokamatwa Mayanja baada ya hakimu kumwachilia. Katika 2017, watu 22 walioshikwa kwa mauaji ya mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi walilalamika kwamba waliteswa, na Mahakama Kuu ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni 80. Kituo cha Nalufenya, Jinja, walikowekwa wengi wao, kiliacha kuwa mahali pa mahabusu katika 2018.