Unachagua kozi ya chuo? Usiishie kwenye jina, angalia kilichomo ndani

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu za nyumbani hazikatiki. Mjomba anataka uwe daktari, mama anasema ualimu ndio mpango, na rafiki yako keshaomba vyuo vitatu. Katika haraka hiyo wengi huchagua kozi kwa jina tu. Tatizo ni kwamba kozi mbili zinaweza kufanana majina halafu zikakupeleka kwenye kazi tofauti kabisa.

Haya ndiyo ya kujua kuhusu kozi za shahada ya kwanza hapa Tanzania.

Anza na pointi zako

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo wa udahili wenye sifa za kila kozi, chuo kwa chuo. Hesabu iko hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa kozi nyingi, kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. Yaani D mbili zinakuruhusu kuomba.

Kuomba sio kupata, lakini. Kozi zenye ushindani huchukua wenye pointi za juu kwanza. Nyingine zina masharti yake: udaktari wa binadamu unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu.

Lugha, historia na sanaa

Kama ulisoma HGL, HKL au HGK, uwanja wako ni mpana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina historia, falsafa, isimu, fasihi, akiolojia na sanaa za maonyesho. Kiswahili kinafundishwa kwenye taasisi yake yenyewe, TATAKI.

Mtego uko hapa. Shahada ya Kiswahili au historia peke yake haikufanyi mwalimu. Ukitaka kufundisha sekondari, tafuta kozi yenye neno "elimu" ndani yake, kama zile za DUCE pale Chang'ombe au Mkwawa, Iringa. Usipofanya hivyo, utamaliza miaka mitatu halafu urudi darasani kusoma stashahada ya uzamili ya elimu.

Sayansi

UDSM ina fizikia, kemia, hisabati, baiolojia na uhandisi. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndiko kwenye kilimo, misitu na udaktari wa mifugo. Muhimbili (MUHAS) ni udaktari, famasi na uuguzi. Mambo ya ardhi na majengo, nenda Chuo Kikuu Ardhi.

Hapa pia kuna mtego. Mikrobiolojia na sayansi ya maabara za afya zote zina hadubini na bakteria. Ila kama ndoto yako ni kupima sampuli za wagonjwa hospitalini, unahitaji hiyo ya pili, kwa sababu kazi hiyo inataka usajili wa baraza la taaluma. Ya kwanza inakuelekeza zaidi kwenye utafiti na viwanda.

Angalia na muda. Kozi nyingi za sayansi ni miaka 3, uhandisi ni 4, udaktari ni 5 na kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Uandishi

Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya UDSM inatenganisha uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo. Mwanza kuna SAUT, yenye jina kwenye fani hii.

Unayetaka kuandika riwaya au tamthilia, angalia idara za fasihi, Kiswahili na sanaa za maonyesho. Euphrase Kezilahabi na Penina Muhando walikuwa waandishi na pia wahadhiri UDSM.

Ndani ya kozi kuna nini?

Kila kozi ina masomo ya lazima na ya hiari. Usishangae mwanasayansi kukutana na stadi za mawasiliano au stadi za maendeleo. Usiyadharau, maana sapu ni sapu tu.

Masomo hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi, ukijumlisha mihadhara na kujisomea. Shahada ya miaka 3 huwa na krediti zisizopungua 360. Ukimaliza na GPA ya 4.4 hadi 5.0, hiyo ni daraja la kwanza.

Kwa nini usikurupuke

Bumu ni deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Utailipia kozi hiyo hata kama hukuipenda.

Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi:

- Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho kwenye tovuti ya chuo.
- Muulize mtu anayefanya kazi unayoitaka alisoma kozi gani hasa.
- Uliza kama kazi hiyo inahitaji usajili au mafunzo ya ziada. Wakili, kwa mfano, lazima apite Shule ya Sheria baada ya shahada.

Maombi yanatumwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa. Thibitisha ile kozi uliyoisoma hadi ndani.