Usukani wa Kuchezea: Kutoka Gari la Waya hadi Basi la Kwenye Simu

Kata ya Mchafukoge ni ndogo, lakini magari yake hayahesabiki. Kwenye ukingo wake kuna Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Jirani ni viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo watawala wa kikoloni waliviacha wazi ili kuitenga mitaa ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Katika mitaa yake pikapu za mizigo, bajaji, bodaboda na mikokoteni hugombea nafasi na watembea kwa miguu tangu alfajiri. Mtoto anayekulia hapa anajua dereva gani amekosea gia kwa kusikiliza tu.

Kucheza udereva katika jiji hili kulianza zamani, kabla skrini haijafika, kwa gari la waya. Bodi hukunjwa kwa waya, magurudumu hukatwa kwenye kandambili chakavu au hutengenezwa kwa vifuniko vya makopo ya Kiwi ya viatu, na ekseli ni kipande cha waya mnene. Sehemu inayolipa gari hilo heshima yake ni usukani: fimbo ndefu inayopanda kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kifua cha mtoto na kuishia kwenye duara la waya. Mtoto anatembea nyuma ya gari lake, anakata kona kwa mikono miwili, na magurudumu ya mbele yanatii kweli. Injini ni mdomo wake. Likigonga jiwe, analihisi lile jiwe viganjani.

Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Kampuni za gemu za Marekani na Japani zilitumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta njia ya kumfanya mchezaji aihisi barabara mikononi. Watoto wa Dar es Salaam walikuwa nayo tayari, bila mota wala umeme.

Na walikuwa na madereva wa kuwaiga. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari, na sifa zake zikavuka bahari kwa sababu ya matope, vumbi, mito iliyofurika na wanyama wanaokatiza barabara ghafla. Joginder Singh, mwana wa Kenya, alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika mitaa ya Mchafukoge, upande huo wa Uhindini, Singh na Mehta ni majina ya majirani. Mashujaa wa usukani walikuwa watu wa ukanda huu, tena kwenye barabara ambazo wengi waliwahi kuzipita kwa basi.

Mwaka 1974, Singh aliposhinda mara ya pili, kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10, mashine ya kulipia kwa sarafu iliyokuwa na usukani, gia na pedeli, na kigari cheupe kilichozunguka kwenye skrini nyeusi. Mwaka huo huo Kariakoo mafundi walikuwa wakijenga soko jipya lililochorwa na msanifu Beda Amuli, ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Bidhaa za nje zilikuwa adimu, na kwa sababu ya shida ya mafuta ikafika mahali magari binafsi yakazuiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jiji ambalo baba mwenye gari lake alikatazwa kuliendesha Jumapili jioni lingeagizaje mashine ya kuendeshea gari la uongo? Mashindano yenyewe ya Safari nayo yakajikunja katikati ya miaka hiyo ya 1970 na kubaki mashindano ya Kenya peke yake.

Huko nje ufundi ulikwenda mbio. Hard Drivin' ya Atari, mwaka 1989, ilikuwa na klachi, na usukani wake ulivutwa na mota ili umbishie mchezaji pale gari linapoteleza. Katikati ya miaka ya 1990 Sega ikatoa Sega Rally Championship, ambamo mchezaji alichagua kati ya Lancia Delta na Toyota Celica GT-Four. Celica hiyo haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1993 magari ya Toyota yalishika nafasi zote nne za kwanza katika Safari, Juha Kankkunen akiwa kinara. Gari lililopata jina kwa kulowa matope ya Kenya likawa sasa linang'aa ndani ya kumbi za michezo za Tokyo na London.

Dar es Salaam ilikuwa imeanza kufunguka. Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, aliingia madarakani 1985, na biashara ya kuagiza vitu nje ikalegezwa. Mwaka 1994 vituo vya ITV na CTN vikaanza kurusha matangazo, na televisheni ikawa samani ya sebuleni. Penye televisheni gemu haikawii. Zilifika kwanza zile za kaseti, nakala za bei nafuu za mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, zikiwa na gemu lukuki ndani ya kaseti moja. Kati ya zilizojirudia sana kwenye kaseti hizo ni Road Fighter ya Konami, ambamo gari jekundu hupanda skrini likikwepa mengine huku mafuta yakiisha. Usukani hapo ulikuwa kitufe cha kushoto na kitufe cha kulia. Aliyewahi kukata kona kwa gari la waya alikuwa amerudi nyuma.

Kisha ikaja PlayStation, na Desemba 1997 ikatoka Japani gemu ya Gran Turismo iliyobuniwa na Kazunori Yamauchi. Wapenzi wa magari wa Ulaya waliisifu kwa magari ya Kijapani ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaona barabarani. Kwa mtoto wa Dar mambo yalikuwa kinyume. Toyota Mark II na Chaser zilizomo ndani ya gemu ndiyo magari ambayo, yakiwa yametumika Japani, yaliteremshwa bandarini mwendo mfupi kutoka Mchafukoge na kuja kuwa teksi na magari ya familia. Tunaendesha kushoto kama Wajapani, na usukani uko kulia. Ni gemu chache zilizowahi kufanana na jiji hili kiasi hicho, na mtengenezaji wake hakuwa na nia hiyo.

Kwa ajili ya mfululizo huo Logitech ikatengeneza sukani maalumu. Ule wa Driving Force Pro uligeuka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, karibu sawa na gari halisi, huku mota iliyomo ndani ikisukuma mikono ya dereva kila tairi linapopoteza mshiko. Huo haukuwa usukani wa kibanda cha gemu, kile cha mtaani ambako watu hulipia kucheza, na sababu zake ni za kibiashara. Kibanda huishi kwa mechi. Pedi mbili huweka wachezaji wawili mbele ya televisheni moja, mechi ikiisha wanalipa wengine, na wanaosubiri wana la kushangilia. Usukani unataka meza imara, kiti cha peke yake, pedeli zisizoteleza sakafuni, na unamhudumia mtu mmoja. Ndiyo maana mpira wa miguu ulitawala vibanda, na mbio za magari zikabaki za kupumzikia, kwa pedi, kidole gumba kikifanya kazi ya mikono miwili.

Wakati huo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa zimeingia ndani ya gemu. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na Kenya miongoni mwa nchi zake nane, na McRae mwenyewe, dereva ambaye gemu hiyo ina jina lake, alishinda Safari mara tatu: 1997, 1999 na 2002. Baada ya hapo Safari ikaondolewa kwenye mashindano ya dunia. Ilipangwa irudi 2020, UVIKO ukaizuia, lakini gemu ya WRC 9 ilikwisha kuiweka. Kwa hiyo wachezaji walikimbia Kenya kwenye skrini tangu Septemba 2020, miezi kadhaa kabla Sébastien Ogier hajashinda ile halisi, Juni 2021. Gemu hizi hufuata kalenda ya dunia, na kwenye kalenda hiyo Tanzania haimo. Mashindano yaliyoanza kama ya nchi tatu yamehifadhiwa kidijitali kama ya nchi moja.

Barabara na magari ya Tanzania vimeingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ambayo humruhusu mchezaji kupaka basi rangi na maandishi anayotaka. Indonesia nao huendesha kushoto. Vijana wa Kitanzania wakaanza kuyapaka mabasi hayo sura ya mabasi ya mikoani wanayoyajua, na wengine wakafanya vivyo hivyo kwenye Euro Truck Simulator 2 ya kompyuta. Simu zinazouzwa Mtaa wa Aggrey, hapo Kariakoo, zikawa chuo cha udereva wa basi. Usukani unachorwa kwenye kioo na kuzungushwa kwa kidole, au simu yenyewe inainamishwa kushoto na kulia kwa mikono miwili. Hakuna studio kubwa iliyowatuma. Wamefanya kazi ambayo kampuni za gemu za rali hazikuifanya: wameiweka nchi yao kwenye gemu, kuanzia rangi ya ubavuni hadi maandishi ya kioo cha nyuma.

Kazi hiyo iko hatarini, kwa sababu faili hupotea simu inapoibwa au mtandao unapofuta kurasa zake. Gari la waya nalo huliwa na kutu. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, huonyesha magari ya zamani ya viongozi, na ni jambo jema. Yaongezwe haya: gari la waya lenye usukani wake mrefu, kaseti ya Road Fighter, na basi la kwenye simu pamoja na jina la kijana aliyelichora. Na wewe msomaji, kama kuna picha ya Safari ilipokatiza Tanganyika au Tanzania ndani ya sanduku la babu, ipeleke huko mapema.