Jinsi misururu miwili ya mbio za magari ilivyopigania timu Marekani

KWA misimu 14, kuanzia 2000 hadi 2013, mbio za masafa marefu za magari ya kasi nchini Marekani ziligawanyika katika misururu miwili iliyovutana bila kukoma. Upande mmoja ulikuwa American Le Mans Series (ALMS) na upande wa pili msururu wa shirika la Grand-Am. Kubwa lililopiganiwa lilikuwa timu.

Katika mchezo huu mwandalizi hana timu wala hawezi kuilazimisha yeyote ije kwake. Mwenye timu hununua gari, huajiri madereva na mafundi, hutafuta mdhamini, kisha huamua atakakoshindana. Uwanja wenye magari machache hauvutii televisheni, na pasipo televisheni mdhamini hana sababu ya kufungua mfuko.

Msomaji aliyezoea Safari Rally, ambapo magari huondoka moja baada ya jingine, akumbuke kuwa haya hushindana kwa pamoja uwanjani, mara nyingine kwa saa 24 mfululizo, madereva wakipokezana usukani.

Chimbuko la mgawanyiko huo ni shirika la IMSA, lililoasisiwa mwaka wa 1969 na John Bishop na mkewe Peggy, wakisaidiwa na Bill France Sr, mwasisi wa NASCAR. Bishop aliliuza mnamo 1989. Wamiliki wakabadilika, fedha zikawa shida, na kufikia 1998 umoja ulikuwa umevunjika.

Ndipo akajitokeza Don Panoz, tajiri wa biashara ya dawa. Mwaka huo wa 1998 aliandaa mbio za Petit Le Mans katika uwanja wake wa Road Atlanta, na mwaka uliofuata akazindua ALMS kwa idhini ya ACO, chama cha Ufaransa kinachosimamia mbio maarufu za saa 24 za Le Mans. Mnamo 2001 aliinunua IMSA yenyewe.

Familia ya France, wenye NASCAR na uwanja wa Daytona, haikukaa kimya. Grand-Am iliundwa 1999 na kuanza msimu wake wa kwanza 2000, mbio za saa 24 za Daytona zikiwa kitovu chake.

Kila upande ulikuwa na chambo chake. ALMS ilifuata kanuni za Le Mans, hivyo gari lililoshinda Marekani liliweza kupelekwa Ufaransa. Hilo liliwavutia watengenezaji wakubwa. Audi R8 ilishinda mbio za saa 12 za Sebring mara sita mfululizo, kutoka 2000 hadi 2005. Lakini teknolojia hiyo ilikuwa ghali, na mwenye timu asiye na kiwanda nyuma yake alipata taabu kuwafikia Wajerumani hao.

Grand-Am ilishika njia tofauti. Mnamo 2003 ilileta Daytona Prototype, gari lenye fremu ya mabomba ya chuma badala ya nyuzi za kaboni, na kanuni zilizokusudiwa kupunguza gharama. Mwanzo wake ulikuwa mgumu: Daytona mwaka huo ilishindwa na Porsche 911 ya daraja la chini. Hata hivyo, timu zilivutika. Chip Ganassi alijiunga 2004, na timu yake ikashinda Daytona 2006, 2007 na 2008.

Tatizo kubwa ni kwamba prototaipu ya upande mmoja haikuruhusiwa upande wa pili. Kuhama kulimaanisha kununua gari jipya. Dyson Racing, washindi wa Daytona 1997 na 1999, waliiacha Grand-Am wakaingia ALMS mwaka wa 2002. Penske naye, aliyeshinda Sebring 2008 kwa Porsche RS Spyder, alikwenda Grand-Am 2009 akiwa na gari la Riley lenye injini ya Porsche.

Wahenga walisema wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo nyasi. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulidhihirisha hayo. Audi iliacha kushiriki msimu mzima wa ALMS baada ya mwaka huo, na daraja la juu likabaki na magari ya kuhesabika. Mnamo 2010 ALMS ikalazimika kuanzisha daraja la prototaipu za bei nafuu zinazofanana, ili kujaza uwanja. Grand-Am nayo, ingawa ilikuwa na magari, ilikosa mvuto wa Le Mans.

Septemba 5, 2012, pande hizo zilitangaza kuungana. Grand-Am ilinunua mali ya Panoz, ikiwemo Road Atlanta, nalo jina la IMSA likadumishwa. Msururu wa pamoja ulianza Daytona Januari 2014 kwa magari 67.

Muungano haukutibu kila jeraha. Prototaipu za aina mbili zilizoundwa kwa fikra tofauti ilibidi zisawazishwe kwa kupunguziwa au kuongezewa nguvu na uzito, na manung'uniko hayakukosekana. Daytona Prototype ziliondolewa baada ya msimu wa 2016.

Suluhisho la kudumu zaidi lilitangazwa Januari 2020, IMSA na ACO zilipokubaliana kuhusu gari litakaloruhusiwa Daytona na Le Mans pia. Panoz hakuliona, alifariki Septemba 2018. Magari hayo yalianza kushindana 2023, yakiundwa na Acura, BMW, Cadillac na Porsche. Mwaka huo Penske aliendesha Porsche 963 Marekani na katika ubingwa wa dunia.